Nisomee VFX chuoni, au niendelee kujifunza mwenyewe?

"Shikamoo mtaalamu. Nina umri wa miaka 22, na riziki yangu naipata kwa kuhariri video za harusi na sherehe. Kwa mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikijifunza Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, kwa masomo ya video ya bure, kwa sababu ndoto yangu ni kufanya kazi katika studio ya filamu. Wazazi wangu wanataka nisome shahada. Chuo kimoja binafsi kimenikubali kwa stashahada ya mwaka mmoja, lakini ada yake nitailipa kwa mkopo, na msajili wao ameniambia kwamba wahitimu wao wote hupata ajira. Rafiki yangu anasema hakuna studio inayouliza cheti. Jambo linalonitia hofu zaidi ni hili: nimemaliza masomo mengi na kila nilichotengeneza ndani yake kilipendeza, lakini nikichukua video niliyopiga mwenyewe kwa simu na kumweka barabarani roboti niliyemtengeneza kwa kompyuta, anaonekana kama amebandikwa, na sijui kosa liko wapi. Je, hii ni dalili kwamba siwezi kujifunza bila shule?"

Marahaba, ndugu yangu. Barua yako imebeba maswali kadhaa kwa pamoja, ila naona wazi kwamba linalokunyima raha ni hilo la mwisho. Nitaanza nalo, kwa sababu ukielewa ni kwa nini roboti wako anaonekana amebandikwa, utaelewa pia ni kitu gani hasa ambacho shule ya VFX, yaani ya athari za picha za filamu zinazotengenezwa kwa kompyuta, huuza, na hapo ndipo utakapoweza kupima kama kitu hicho kinastahili kukopewa fedha.

Hiyo si dalili kwamba huwezi. Ni hali inayowapata watu wengi sana waliojifunza kwa masomo ya video, na chanzo chake kinajulikana. Katika somo la namna hiyo, mwalimu amekwisha kuchagua picha inayofaa, amekwisha kujaribu njia zilizoshindikana na kuziacha nje ya somo, na amekwisha kuamua kila namba utakayoiandika. Wewe unafuata mkono wake, na mwisho unapata picha nzuri ambayo maamuzi yake yote yalifanywa na mtu mwingine. Unafanana na mwanafunzi wa ushonaji aliyeshona nguo nyingi kwa vitambaa vilivyokatwa tayari na fundi wake: cherehani anaijua vizuri, lakini siku atakapopewa mkasi na mteja wa kupimwa, mkono utasita. Ulipotoka na simu yako barabarani, maamuzi yote yalirudi kwako kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyekuwa amekufundisha kuyaona.

Sijaiona shoti yako, yaani kipande hicho cha video. Hata hivyo, makosa ya shoti za namna hiyo hujirudia kiasi kwamba naweza kukuonyesha pa kutazama. Anza na weusi. Tafuta sehemu yenye giza kuliko zote katika picha ya barabara, kwa mfano chini ya gari lililoegeshwa, na uisome kwa kipimo cha rangi cha programu yako. Mara nyingi hutakuta sifuri, yaani weusi kamili, kwa sababu vumbi na unyevu wa hewani, pamoja na mwanga unaotawanyika ndani ya lenzi, huinua kidogo hata sehemu za giza. Kisha soma kivuli kilicho chini ya mkono wa roboti. Ikiwa kimezama hadi sifuri kamili, jicho la mtazamaji litatambua kwamba vitu hivi viwili havikuwahi kuwa mbele ya lenzi moja, hata kama yeye mwenyewe hawezi kueleza sababu.

Baada ya weusi, tazama ukungu wa mwendo, yaani ule mfifio wa kitu kinachosogea mbele ya kamera, maana hapa simu huwaponza wengi. Kamera ya filamu inayopiga fremu 24 kwa sekunde kwa desturi hufungua shata, yaani kizuizi kinachoruhusu mwanga kuingia, kwa nusu ya muda wa fremu, yaani 1/48 ya sekunde, na ukiwasha ukungu wa mwendo katika Blender bila kubadili chochote, programu itampa roboti wako nusu fremu hiyo hiyo. Lakini simu nyingi haziwezi kubana tundu la lenzi, kwa hiyo juani hujikinga na mwanga mwingi kwa kufupisha muda wa shata, ambao unaweza kushuka hadi 1/1000 ya sekunde au chini zaidi. Matokeo yake ni kwamba magari na wapita njia katika video yako wametoka wakali kama picha za mnato, na roboti peke yake anatembea akiwa amefifia. Umefuata kanuni sahihi ya kamera nyingine.

Yapo mengine ambayo nitayapitia kwa haraka. Kingo za roboti huenda ni kali kuliko kitu chochote ambacho lenzi ya simu ingeweza kukitoa. Huenda hana chenga zozote za kamera, yaani vile vidoa vidogo vinavyochezacheza kwenye picha, ilhali barabara inazo, hasa ukitazama chaneli ya bluu peke yake, ambako chenga kwa kawaida huwa nyingi zaidi. Miguu yake huenda haina ule weusi mwembamba unaojitokeza pale kitu kinapogusa ardhi, na bila huo kitu chochote huonekana kinaelea. Na kama kuna mstari mweusi au mweupe unaomzunguka, shuku namna ulivyorekebisha rangi zake. Hesabu ya kuweka picha moja juu ya nyingine, ambayo Thomas Porter na Tom Duff waliiandika mwaka 1984 na ambayo programu zetu bado zinaitumia, inategemea rangi zilizokwisha kuzidishwa kwa kiwango cha uwazi cha kila pikseli. Ukirekebisha rangi zikiwa katika hali hiyo, pikseli za ukingoni, ambazo nusu yake ni uwazi, hubadilika isivyo sawa na zile za katikati. Dawa yake ni kugawanya kwanza kwa kiwango cha uwazi, kurekebisha rangi, kisha kuzidisha tena.

Nimekaa hapa kwa muda mrefu kwa makusudi. Wewe uliandika neno moja, "amebandikwa", nami nimelivunja katika mambo ambayo kila moja linaweza kupimwa na kurekebishwa. Uwezo huo wa kugeuza hisia ya kwamba kuna kitu hakijakaa sawa kuwa orodha ya marekebisho ndio kiini cha taaluma hii, na hujengwa kwa njia moja ninayoijua: kazi yako kutazamwa na mtu mwenye jicho lililokomaa, kurudishwa, kurekebishwa, na kutazamwa tena. Katika studio jambo hili ni utaratibu wa kila siku. Wasanii huonyesha shoti zao, msimamizi husema weusi umezama au bega la kushoto linacheza, na msanii hurudi mezani kutengeneza toleo la 4, la 9, wakati mwingine la 30. Baada ya miezi kadhaa ya hali hiyo, huanza kuyasikia maneno ya msimamizi kabla hajayasema.

Hicho ndicho kitu ambacho shule nzuri huuza. Taarifa zenyewe, yaani namna ya kutumia programu, zimejaa kwenye intaneti bila malipo, na ukilipa ada ili usomewe menyu za programu utakuwa umenunua kitu ulicho nacho tayari. Unacholipia ni jicho la mwalimu, tarehe za kuwasilisha kazi zisizosogezwa, wenzako ambao kesho watakuwa ndani ya studio na watakumbuka jina lako nafasi ikitokea, na nafasi ya kushika vifaa halisi, kwa mfano kupiga mpira wa kijivu na mpira wa kioo kwenye eneo la kupigia picha ili mwanga wa mahali pale uweze kujengwa upya kwenye kompyuta. Anayejifunza peke yake na kushindwa, kwa kiasi kikubwa hashindwi kwa kukosa masomo. Hushindwa kwa sababu hakuna aliyemrudishia kazi yake.

Sasa nirejee kwa rafiki yako na kwa yule msajili. Rafiki yako yuko sahihi kuhusu mlango wa ajira. Anayechagua wasanii hufungua kwanza video ya demo, yaani mkusanyiko mfupi wa kazi zako bora, na kama sekunde za mwanzo hazimridhishi, cheti hakitamrudisha. Lakini cheti kina mlango wake mwingine, nao ni uhamiaji. Kazi kubwa za VFX zimejikusanya katika miji michache, kama London, Vancouver, Montreal na Mumbai, na msanii mara nyingi hulazimika kuzifuata. Viza ya kazi ya H-1B ya Marekani, kwa mfano, hudai shahada ya kwanza au kinacholingana nayo, na katika kupima ulinganifu huo kanuni zake huhesabu miaka 3 ya kazi ya kitaalamu kuwa sawa na mwaka 1 wa chuo. Kanada nayo hutoa pointi kwa elimu katika mfumo wake wa uhamiaji wa wenye ujuzi. Kwa hiyo wazazi wako hawakosei wanapoitaja shahada. Kumbuka tu kwamba shahada ya fani nyingine inayokaribiana na kazi hii inaweza kukusaidia kuliko stashahada ya mwaka mmoja yenye jina la VFX.

Kuhusu msajili, nitasema wazi: hakuna chuo kinachoweza kumhakikishia mtu ajira katika sekta hii kwa sasa. Studio ya Rhythm & Hues iliomba ulinzi wa kufilisika Februari 2013, na mwezi huo huo kazi yake katika filamu ya Life of Pi ikashinda tuzo ya Oscar ya athari za picha. Mwaka 2023 migomo ya waandishi na waigizaji wa Hollywood ilisimamisha uzalishaji kwa miezi, na kazi za VFX zikakauka baada yake. Februari 2025 kundi la Technicolor, lililokuwa likimiliki studio za VFX za MPC na The Mill, liliporomoka, na wasanii wenye uzoefu wa miaka mingi wakaingia sokoni kwa wakati mmoja na wahitimu wapya. Sikwambii haya ili nikukatishe tamaa. Kazi ipo, na filamu zinaendelea kutengenezwa. Lakini mkopo una tarehe ya kulipwa, na sekta hii haina tarehe ya kuajiri.

Jambo ambalo hukulitaja, na ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko yote, ni idara unayoitaka. Watu husema VFX kana kwamba ni kazi moja. Anayekata maumbo ya watu fremu kwa fremu, anayejenga modeli, anayehuisha viumbe, anayepanga mwanga, anayeunganisha tabaka zote kuwa picha moja, anayezalisha moshi na maji, na anayeandika programu ndogo za kuziunganisha idara hizo, wote hao wanaishi katika taaluma tofauti, na swali la shule hupata jibu tofauti kwa kila mmoja.

Ukitaka kuunganisha picha, kazi tunayoiita kompoziti, au kujenga modeli, njia ya kujifunza mwenyewe inapitika kabisa, kwa sababu matokeo yanaonekana papo hapo kwenye skrini na mtu mwingine anaweza kukukosoa kwa kuyatazama tu. Uhuishaji nao unawezekana, ila unahitaji mkosoaji mapema, maana mazoea mabaya ya mwendo huota mizizi. Lakini kama moyo wako uko kwenye mioto, milipuko na mafuriko, au kwenye kuandika zana za studio, basi nakushauri uwasikilize wazazi wako kwa makini. Huko utakutana na vekta, matriki, hesabu za mwendo wa vimiminika, lugha ya Python na mfumo wa Linux. Wapo waliojifunza haya peke yao, nami nawaheshimu sana. Ila hesabu ni somo ambalo mwanafunzi aliyekwama peke yake anaweza kukwama kwa miezi, na shahada ya sayansi ya kompyuta itakupa msingi huo pamoja na kitu cha kushika endapo studio zitafunga milango tena.

Kuna idara moja ambayo sitaki uikopee fedha kabisa, nayo ni ile ya kukata maumbo, rotoskopu. Zamani ndiyo iliyokuwa ngazi ya kwanza ya wengi. Lakini tangu Nuke, programu ya kompoziti inayotumika studioni, ilipoleta zana ya CopyCat mwaka 2021, ambayo hujifunza kutoka kwenye fremu chache ulizokata na kisha kujaribu kuzikata zilizobaki, sehemu ya kazi hiyo imeanza kufanywa na mashine, na zana zilizofuata zimezidi kusonga mbele. Ujifunze ufundi huo, kwa sababu hakuna msanii wa kompoziti asiyeujua, lakini usilipie mwaka mzima kwa ajili yake.

Ungekuwa mdogo wangu, ningekuambia usisaini mkopo sasa. Jipe miezi sita ya kujifunza kwa namna tofauti na ulivyofanya hadi leo. Weka kando masomo ya kufuata hatua kwa hatua, chagua idara moja, na ujipe shoti fupi zisizozidi sekunde 10, kila moja ikiwa na maelezo ya kazi uliyoyaandika kabla ya kuanza na tarehe ya kuifunga hata kama haijakupendeza. Sekunde 10 zinaonekana chache, lakini ni fremu 240. Kama kompyuta yako inahitaji dakika 15 kwa fremu moja, hizo ni saa 60 za kusubiri, na kulipangia muda jambo hilo ni sehemu ya ufundi wenyewe. Ukikosa picha nzuri za kufanyia mazoezi, taasisi ya Blender ilitoa filamu fupi ya Tears of Steel mwaka 2012 na ikaachia hadharani picha ghafi zilizopigwa kwa kamera ya sinema, ambazo unaruhusiwa kuzitumia. Utaona zinavyotofautiana na video ya simu mara tu utakapozifungua.

Zana hazitakugharimu. Blender ni programu huria tangu mwaka 2002, na unaweza kuitumia hata kwa kazi ya malipo. Nuke na Houdini, programu ya kuzalisha moshi, moto na maji, zina matoleo ya bure ya kujifunzia, lakini hapa uwe mwangalifu kwa sababu wewe una wateja: leseni za matoleo hayo hazikuruhusu kuyatumia kwenye kazi unayolipwa, kwa hiyo usiifikishe humo video ya harusi ya mtu hata kwa marekebisho madogo. Kwa wateja wako, programu ya kuhariri video ya DaVinci Resolve katika toleo lake la bure ina sehemu ya Fusion ndani yake, na huko utajifunza kuunganisha picha kwa nodi, yaani visanduku vya hatua vinavyounganishwa kwa mistari, huku ukiendelea kupata riziki.

Sharti la miezi hiyo sita, ambalo bila hilo ushauri wangu hauna maana, ni kwamba kila shoti itazamwe na mtu anayeijua kazi. Wasanii wengi hujibu wakiulizwa swali fupi lililo wazi. Usimtumie mtu video na kumwomba maoni, mwulize kama weusi wa roboti unalingana na wa barabara. Kisha rekebisha, na umrudishie. Wengi huomba maoni mara moja na kutoweka, na yule anayerudi na toleo la pili ndiye anayekumbukwa. Ikiwa kwa miezi sita umefunga shoti kadhaa na kila moja ni bora kuliko iliyotangulia, unaweza kuendelea, na fedha kidogo ulizo nazo zikanunua wiki kadhaa za ulezi wa msanii mzoefu badala ya mwaka wa darasa. Ikiwa umejikuta hufungi shoti hata moja, au kila jioni kazi za wateja zinakumeza, hapo shule inakufaa, na hakuna aibu ndani yake: kuna watu wanaohitaji muda uliowekewa uzio, na ni heri kulijua hilo kabla ya kulipia kuliko baadaye.

Ukifika huko, usichague chuo kwa kusoma tovuti yake. Nenda. Omba kuona kazi za mwisho za darasa zima lililomaliza mwaka jana, wala si zile tatu bora zilizokatwa kwa ajili ya matangazo. Uliza walimu walifanya kazi ya mwisho ya studio lini, na kila mmoja anatazama kazi za wanafunzi wangapi kwa wiki. Omba uketi nyuma ya darasa siku ambayo kazi zinakosolewa. Kama siku hiyo haipo kwenye ratiba, umepata jibu lako. Na uzungumze na wahitimu wa miaka miwili iliyopita uliowatafuta wewe mwenyewe, si wale uliounganishwa nao na ofisi ya usajili.

Yapo mambo ambayo hayafai kuamuliwa kwa barua kama hii. Kama una mpango wa kuhama nchi kwa ajili ya kazi, mwone mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa kabla ya kuchagua kozi, kwa sababu kanuni hubadilika na aina ya cheti inaweza kukufungia njia. Kama vifundo vya mkono au vidole vimeanza kufa ganzi kwa kukaa na kipanya, nenda kwa daktari mapema. Na kuhusu mkopo, chukua mkataba wake nyumbani, kaa nao pamoja na wazazi wako na mtu mmoja anayeelewa masuala ya fedha, mtafute kifungu kinachoeleza kitakachotokea ukiacha masomo katikati au chuo kikifungwa, na mhesabu utakachodaiwa kila mwezi mkikilinganisha na kipato chako cha sasa cha kuhariri video, kana kwamba ajira ya studio haitakuja katika mwaka wa kwanza. Ofisi ikikuambia nafasi itapotea usiposaini siku hiyo hiyo, toka bila kusaini.